Jina Ndani ya Sebene

Jumatano, 5 Septemba 2001. Gihundwe
Mvua ya kwanza imenyesha. Binti yangu Uwineza ameniachia daftari lake lililobaki na kurasa nyeupe. Anasema, "Maman, andika kila siku, hata kidogo, usisahau tena kuandika." Nilisoma miaka mitatu tu, kule Bukavu kwa masista. Basi nitaandika Kiswahili cha kule, cha katekisimu na cha sokoni, vyote pamoja. Atakayecheka acheke.

Na leo la kuandika lipo. Nilikuwa naenda soko ya Kamembe na beseni ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kichwani, nikapita mbele ya kibanda cha Kamali, yule anayeuza kaseti na kuzinakili kwa radio mbili zinazotazamana. Nikasikia guitare. Sijui niseme namna gani. Ilikuwa kama muntu anashuka ngazi mbio na haanguki. Nilisimama. Maji ya samaki yakanitiririkia shingoni nisitambue.

"Kamali, ni nani huyo?"

"Aa, Maman Uwineza, umekamatwa! Huyu njo Balagizi, kijana wa Kadutu, pale Bukavu. Wimbo unaitwa Nguo ya Kijani. Hata kwa radio haujafika."

"Ni miye wa kwanza kununua?"

"Wa kwanza Rwanda nzima!"

Najua anamwambia kila muntu hivyo. Lakini nilirudi nyumbani kama nimebeba makaa ya jirani, naogopa yasizimike njiani.

Ijumaa, 7 Septemba
Nimempigia Nyiramahoro ule wimbo. Huyu ni Maman Gisa, jirani yangu, nyumba zetu zina ukuta mmoja. Tulikulia wote Bukavu, tukarudi Rwanda mwaka ule ule. Yeye anashona kwenye baraza, mimi nauza samaki, na jioni tunakaa pamoja. Wimbo ni wa kijana aliyeona binti mwenye nguo ya kijani sokoni, akarudi kesho yake kumtafuta, akakuta wanawake wote wamenunua kitambaa kile kile. Halafu maneno yanaisha na sebene inaanza, zile guitare za kuchezea, na humo ndani mwimbaji anarusha majina ya watu wanaompenda. Hayo majina wanayaita mabanga.

Nyiramahoro alicheza na cherehani inamngoja. Akaniambia, "Weye sha, unapendaka muziki kama muntu anapenda muntu. Siku moja Papa Uwineza atakuuliza."

Nimewafundisha pia mama wote wa soko upande wa samaki. Wimbo huo nimeutangaza kuliko Neno la Mungu. Anisamehe.

Jumatano, 12 Septemba
Radio zote zinaeleza manyumba ya Amerika yaliyoanguka na watu ndani. Mchana kutwa hakuna wimbo. Nilinung'unika, kisha nikaona haya.

Jumamosi, 15 Septemba
Papa Uwineza, mume wangu, amekuja kutoka Bugarama, anafanya kazi ya simenti kule, anarudi Jumamosi tu. Nimempigia kaseti mara nne. Akasema, "Maman, umenilisha guitare, sasa nilishe ugali."

Jumapili, 23 Septemba
Mvua mchana wote. Nyiramahoro alikuja na kitambaa cheupe mkononi, akakaa, hakukishona.

Kuna muntu amemwomba. Anaitwa Harerimana, mwenye kuendesha mashine ya kukoboa mpunga kule Bugarama. Papa Uwineza anamjua, anasema ni muntu wa kimya, hana deni la pombe. Padri amekubali pia. Mumewe Nyiramahoro, Sibomana, alikuwa dereva wa lori. Alienda na mzigo Kindu Agosti ya '98, vita ikaanza akiwa njiani. Mwaka uliofuata kijana wake wa gari alirudi peke yake, akaapa mbele ya padri kwamba aliona lori likiungua na Sibomana ndani. Kwa hiyo ndoa itafungwa mwezi wa kumi na moja, kabla ya Majilio.

Nikamwuliza, "Utahamia Bugarama?"

"Sasa nitakaa na nani huku, na bwana wangu huko?"

Nikacheka naye. Kisha akasema jambo ambalo limenikaa. "Unajua kinachoniuma? Hakuna muntu anataja tena jina yake. Banaogopa kuniumiza. Gisa anamuitaka 'yule papa wa picha'. Jina inaoza, Maman Uwineza, kama kitu kwa sanduku."

Ijumaa, 28 Septemba
Leo nimevuka daraja kwenda Bukavu kuuza sambaza kavu, lakini Mungu anajua sikuvuka kwa ajili ya sambaza. Kamali alikuwa ameniambia Balagizi anarudia kuimba Nguo ya Kijani kwa kaseti mpya, yenye sebene ndefu, na anapokea majina. Ukimletea kitu, anarusha jina lako.

Niliuliza njia Kadutu hadi nikafika. Chumba cha mabati, ukutani wametundika magodoro ili mvua isisikike ndani ya kaseti. Balagizi ni kijana mwembamba, viatu vyake vina ncha kama mdomo wa ndege. Nilipomwambia nimetoka Cyangugu, upande wa Rwanda, kwa ajili ya wimbo, aliwaita wenzake wote.

"Mukuje muone! Maman amevuka mpaka juu ya wimbo! Maman, unauzaka nini?"

"Sambaza."

"Basi toka leo ni Maman Sambaza, fan numéro moja!"

Nilihisi miaka yangu inaanguka chini kama nguo. Nikampa kapu la sambaza kavu. Akachukua kalamu, "Haya, Maman Sambaza, jina gani turushe? Ya Mzee wako?"

Nilikuwa nimelibeba jina la Papa Uwineza tangu nyumbani. Kinywa kikasema kingine. "Sibomana wa Maman Gisa, wa Gihundwe."

"Sibomana. Ni jina nzuri, inakaa vizuri kwa guitare."

Njia yote ya kurudi nilimwona Nyiramahoro analia kwa furaha, jina limetoka sandukuni, watu wanalicheza. Na nilijiona mimi nimekaa pembeni nasema, ni mimi.

Jumanne, 2 Oktoba
Sijamwambia. Zawadi haitajwi kabla ya kufunguliwa.

Jumatatu, 8 Oktoba
Mvua. Njia ya kupanda Mibirizi imekatika, udongo umeshuka. Kaseti bado.

Ijumaa, 12 Oktoba
Bado. Kamali ananiona tu anainua mikono.

Jumapili, 21 Oktoba
Leo nitaandika yote.

Kaseti ilifika jana. Nilijifungia chumbani nikasikiliza peke yangu. Jina lipo. Leo baada ya Misa nikawaita mama wa soko na Nyiramahoro uani kwangu, nikawapa chai, nikaweka radio kwenye kiti. Nikasema, "Mungoje, kuna kitu ndani." Wakaanza kucheza. Nyiramahoro alicheza kuliko wote, Gisa mgongoni ingawa ni mkubwa. Sebene ikaingia. Guitare ikazunguka mara nne, halafu Balagizi akapaza sauti: "Sibomana! Sibomana wa Maman Gisa, wa Gihundwe! Wapi weye? Tunakusalimia!"

Nilikuwa nimefungua mdomo kusema, ni mimi.

Nyiramahoro alipiga magoti kwenye matope na mtoto mgongoni. "Yuko! Sibomana yuko! Mumesikia? Yuko!"

Mama wote wakapiga kelele, wakamkumbatia, wengine wakalia. Mmoja akauliza, "Huyu Balagizi alimujulia wapi?" Nyiramahoro ndiye aliyejibu, anacheka na kulia, matope mpaka kifuani: "Nani mwingine anajua jina ya Gisa? Nani anajua Gihundwe? Balikutana! Ni yeye mwenyewe alimutuma anisalimie! Habari ilikosa njia nyingine, ikapita kwa wimbo!"

Halafu akanishika uso kwa mikono miwili. "Na ni weye Mungu alikutumia. Bila weye na muziki yako ningejua wapi?"

Mdomo wangu ulikuwa bado wazi. Nikaufunga.

Jumatatu, 22 Oktoba
Sijasema. Usiku mmoja wa furaha, nilijiambia, haumdhuru muntu. Nitasema kesho.

Jumatano, 24 Oktoba
Sijasema.

Nyiramahoro ameanza kupika sahani ya tatu. Ndizi na maharagwe na mboga za mafuta ya mawese, kama Sibomana alivyopenda. Anaifunika, anangoja. Giza likiingia ananiita kutoka ng'ambo ya ukuta, "Maman Uwineza, leo hajafika, kuja tukule, chakula ya msafiri haitupwi." Nikaenda. Nikakaa kwenye kiti chake. Nikala.

Alhamisi, 25 Oktoba
Sijasema. Nilikula.

Jumamosi, 27 Oktoba
Papa Uwineza anasema Harerimana alimngoja barabarani kwenye vumbi la kiwanda, akamwuliza, "Ni kweli yuko?" Papa Uwineza akajibu, "Watu wanasema." Anasema yule bwana alimshukuru akarudi kwenye mashine yake.

Nilimwosha Papa Uwineza miguu nikataka kumweleza. Akalala.

Jumanne, 30 Oktoba
Habari imesambaa. Leo amepita muntu mwenye koti la jeshi lisilo na vifungo, anasema ametoka Kindu, amemwona Sibomana. Nyiramahoro alimkalisha, akampa ile sahani, akampa na sabuni.

"Alikuwa namna gani?"

"Muzima. Mufupi hivi, na lori yake."

Sibomana alikuwa mrefu, akiingia kwangu aliinama. Muntu alipoondoka nilimwambia Nyiramahoro, taratibu. Akapangusa meza. "Njaa inaweza kumfupisha muntu," akasema.

Nilikuwa nimeshika mlango. Ningesema pale. Gisa akaingia anaimba, "Sibomana wa Maman Gisa," mama yake akamnyanyua juu. Sikusema.

Jumapili, 4 Novemba
Leo ndoa ilikuwa itangazwe kanisani mara ya kwanza. Haikutangazwa.

Cassien, kaka mkubwa wa Sibomana, alishuka kwa miguu kutoka Mibirizi, suruali imejaa udongo hadi magotini, radio kwapani imefungwa plastiki. Miaka yote nimemwona Cassien kama muntu mchoyo, anayelinda shamba la ndugu yake asije mwanamke akalichukua. Aliingia kwa padri na radio. Mimi nilikuwa pale nafagia na mama wa chama cha kanisani. Akaiweka mezani katikati ya vitabu vya ubatizo, akabonyeza. Padri alisikiliza Nguo ya Kijani yote, mikono imekunjwa, na sebene nzima.

"Mupadri, libanga banamutupiaka muntu mzima. Marehemu banamuliliaka, habamusalimiake namna hii. Musikie: 'Wapi weye.' Ungemuuliza mufu yuko wapi?"

Padri akazima radio. Kisha akasema yeye hajui mambo ya muziki, lakini hawezi kuunganisha mwanamke na mume wa pili wakati watu wanamsalimia wa kwanza. Tungoje tupate ukweli.

Ukweli ulikuwa umesimama na ufagio mlangoni.

Jumanne, 6 Novemba
Sijasema. Mwilini kuna homa. Sambaza zimeoza, jua hakuna.

Jumatano, 7 Novemba
Harerimana amekuja. Alikaa kwenye baraza la Nyiramahoro, kofia magotini. Ukuta ni mwembamba, nilisikia.

"Nyiramahoro, kama yuko, nitafurahi juu yako. Kama hayuko, miye niko."

Akanywa maji. Nyiramahoro akamsindikiza hadi barabarani, nikamwona amesimama pale muda mrefu baada ya pikipiki kuondoka, mvua inampiga, hana haraka.

Jioni akaniita. Nilikula.

Jumapili, 11 Novemba
Sikuweza kupokea Komunyo. Nilibaki kwenye benchi, watu wananiruka magoti.

Nimejiuliza kwa nini ulimi umefungwa, na nimepata jibu, na jibu ni baya. Nilidhani naogopa hasira yake. Si hivyo tu. Siku ile aliposema anahamia Bugarama nilicheka naye, lakini ndani nilihisi kama wamebomoa ule ukuta wetu na upepo unaingia kwangu. Nitampigia nani wimbo mpya? Na kule Kadutu, kabla kinywa hakijasema Sibomana, kulikuwa na neno dogo nyuma ya meno: jina likirudi, pengine hataenda.

Nililitoa kwa kumpenda. Nililitoa pia ili abaki. Na ili Balagizi aone mimi si mteja wa hivi hivi. Yote matatu yalikuwa kwenye kapu moja na sambaza. Sasa sijui lipi lilikuwa juu.

Alhamisi, 15 Novemba
Nyiramahoro amesema kesho tunavuka pamoja kwenda kwa Balagizi kumuuliza alimwona Sibomana wapi. Amemshonea Sibomana shati, la buluu, mifuko miwili. Anataka Balagizi ampelekee.

Nitasema njiani.

Ijumaa, 16 Novemba
Tulifika darajani mapema. Mto Rusizi ulikuwa mwekundu, umevimba, unabeba migomba mizima na mizizi yake. Katikati ya daraja nikamshika mkono.

"Maman Gisa, niko na neno."

"Sema tukitembea, tusichelewe."

"Ni juu ya wimbo."

"Hata miye," akasema, na uso wake ulikuwa kama wa msichana. "Zamani nilikuwa nakucheka. Sasa nikiamuka naupiga mbele ya kuomba. Weye njo ulinifundisha kusikiliza." Akanifunga vizuri kitambaa cha kichwa, kilikuwa kimelegea. "Sema basi."

Nikasema, "Mvua itatupata."

Kama kuna jambo nitaulizwa siku ya mwisho, ni hilo. Kimya changu kwenye daraja, si jina nililotoa Kadutu.

Kwa Balagizi walikuwa wanapiga mazoezi. Nyiramahoro alisimama mlangoni, shati kifuani, akafungua mdomo kuuliza. Lakini Balagizi aliniona mimi nyuma yake, akaruka na vile viatu vyake. "Maman Sambaza! Fan numéro moja! Wimbo imefika mpaka Uvira! Na huyu njo nani? Umeniletea mwenye jina? Ni weye Maman Gisa? Maman, rafiki yako anakupenda! Alibeba kapu nzima ya sambaza, nikamuuliza jina ya mzee wake, akasema hapana, weka Sibomana wa Maman Gisa!"

Wenzake wakapiga makofi.

Nyiramahoro hakugeuka kunitazama. Alibaki anamtazama Balagizi, na bado alikuwa anatabasamu, tabasamu lilikuwa limesahaulika pale usoni.

"Kwa hiyo weye humujue."

"Nani, Maman?"

"Sibomana."

Balagizi akanitazama, akamtazama yeye, na nikaona kijana yule anaelewa. Akashusha guitare. "Miye nilipewa jina tu, Maman. Majina yote banatupaka ni hivyo. Nilidhani ni mzee yako. Yuko wapi?"

Nje mvua ilianza. Hata magodoro hayakuizuia.

Nyiramahoro akasema bila kugeuka, "Ni weye?"

"Ni miye."

"Toka siku ile uani, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Alikunja lile shati, akalikunja tena, hadi likawa dogo kama kitabu. Nilingoja anipige. Ningemshukuru. Alivuta kiti akakaa, akamwuliza Balagizi, kwa adabu, kama muntu anayeuliza bei: "Huku kwenu, muntu akikufa, munamuimba namna gani?"

"Polepole, Maman. Guitare moja. Hatuweke sebene."

"Basi muimbe."

"Sasa hivi?"

"Wimbo yako ilimuamusha. Umulalishe."

Balagizi akawatoa wenzake. Akakaa chini kwenye saruji, karibu na miguu yake, akatafuta nyuzi. Aliimba Kimashi na Kiswahili, maneno ya kutungwa pale pale: marehemu Sibomana, dereva, njia imekwisha, zima gari, pumzika, waliobaki wanakuaga. Hakupaza sauti. Nyiramahoro alikuwa hajamlilia Sibomana kama marehemu tangu '99 aliporudi yule kijana wa gari. Alikuwa anasema, nitalia juu ya nini, sina kaburi. Leo alilia, kichwa kikiwa juu ya lile shati, na mimi nikiwa nimesimama ukutani, sina ruhusa ya kumgusa.

Ulipokwisha alipangusa uso, akalikunjua shati, akalipima kwenye mabega ya Balagizi.

"Itakuwa kubwa kidogo," akasema. "Vaa tu. Ni mpya."

Kurudi, alitembea mbele yangu. Si mbali. Hatua chache tu, lakini hakuziacha zipungue hadi nyumbani.

Jumapili, 18 Novemba
Leo nimekwenda kwa padri, nikasema yote mbele ya chama cha mama. Jina nililitoa mimi, sikujua lolote, na nilipoona limekuwa uongo nikanyamaza. Mama mmoja akasema, "Na chai tulikunywa!" Padri akasema wimbo si shahidi, alikosea kuusikiliza kama shahidi. Ndoa itafungwa baada ya Noeli.

Kisha nikapanda Mibirizi kwa Cassien. Njia ni tope, nilianguka mara mbili. Nilimkuta ndani, na nikaona kitanda kipya cha miti karibu na chake, kimetandikwa mkeka, mto umefunikwa. Nilisema nikiwa nimesimama. Cassien hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Hata kidogo? Hakuna hata muntu mmoja alimuona?" Nikasema hakuna. Akaondoa mapile, zile betri, kwenye radio yake, moja moja, akayaweka dirishani.

Nilimwita mchoyo miaka mitatu. Alikuwa ananunua mapile, asikilize kama kuna habari ya ndugu yake.

Jumapili, 25 Novemba
Nyiramahoro amenisalimia, "Bonjour, Madame." Madame. Mimi.

Alhamisi, 6 Desemba
Amekuja. Nilikuwa naanika samaki kati ya mvua mbili. Hakukaa.

"Maman Uwineza, jina sikukasirikie. Ulisema jina yake wakati watu wote walikuwa wanaogopa. Hata kama uliisema vibaya, uliisema. Nimekwisha kumuambia Gisa baba yake alikuwa nani."

Nikataka kuanza. Akainua mkono.

"Ngoja. Nakasirikia zile jioni. Nilikuwa napika. Nilikuwa nafunika. Na weye ulikuwa unakuja unakula. Ulikuwa unakula, Maman Uwineza. Unajua hayuko, na unaniambia mboga ni tamu."

Ni kweli. Nilisema mboga ni tamu.

"Utakuja Bugarama kwa ndoa," akasema. "Batu bataniuliza uko wapi, na sitaki kubaeleza."

Akaenda. Hiyo njo kadi yangu ya mwaliko.

Jumamosi, 15 Desemba
Kamali aliniita kwa mbali, "Maman Uwineza, kitu kipya!" Nilipita kama kiziwi.

Jumanne, 25 Desemba
Noeli. Ukuta kimya. Amekwisha kuhamisha cherehani.

Jumapili, 30 Desemba
Ndoa ilifungwa jana. Leo siwezi kuongea, kwa hiyo ninaandika.

Bugarama ni joto, mchana mawingu yamekaa juu ya mashamba lakini hayashuki. Mpunga unavunwa, njia nzima inanuka majani mabichi. Walitujengea turubai karibu na mashine ya Harerimana, na wafanyakazi wenzake wakaleta baffle mbili za kutoa muziki, kubwa kama makabati. Mimi nilikaa nyuma, na mama wa vyombo. Nyiramahoro alikuwa mbele na mushanana mweupe, nguo ya sherehe, Harerimana pembeni yake anajipangusa jasho, hajui mikono aiweke wapi. Cassien pia alikuja. Alikaa upande wa ndugu wa bibi arusi, muntu asingejua ni nani.

Tulikula, wazee wakasema maneno. Halafu yule kijana wa muziki akasema, "Sasa tuchangamuke!" Na baffle zikatoa ile guitare inayoshuka ngazi mbio.

Nguo ya Kijani. Kaseti ile ile, ya sebene ndefu. Iko kila mahali sasa, Bugarama, Uvira, kote. Watu wote wakainuka. Hakuna aliyejua. Watu wa huku wanajua sebene tu, majina ya ndani ni ya watu wasiowajua.

Nilimwona Nyiramahoro anashika ukingo wa kiti. Nilimwona Cassien anaweka chupa chini.

Kama kuna jambo moja ninalijua duniani, ni wimbo ule. Najua ubeti wa kwanza, najua wa pili, najua pale kijana anapouliza bei ya kitambaa. Najua sebene inapoingia na guitare inapozunguka mara nne. Nilifikiri kukimbia kuzima. Lakini ukizima muziki kwenye ndoa watu wanauliza kwa nini, na mwenye kuulizwa angekuwa yeye.

Ubeti wa pili ukaisha. Nikapita katikati ya meza na beseni ya vyombo mkononi, nikaiweka chini, nikafika mbele kabisa, hapo ambapo sikuwa na haki ya kusimama. Guitare ikazunguka mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu. Ya nne nikavuta pumzi, nikapiga impundu.

Nilipiga vigelegele hivyo kwa koo lote, kama mtoto amezaliwa. Mama wa soko waliokuja nami kutoka Kamembe, wale waliokunywa chai siku ile, walinitazama, wakaelewa, na wao wakapiga. Mama wa Bugarama hawakuelewa, lakini impundu haziachwi zilie peke yake, nao wakapiga. Turubai lote likawa sauti moja. Balagizi alikuwa anapaza jina lile ndani ya baffle mbili kubwa, na hakuna aliyelisikia. Koo langu lilipasuka, sikuacha. Nilihesabu moyoni hadi mahali ninapojua guitare ya pili inaingia na majina yamekwisha.

Nikanyamaza. Wengine wakanyamaza mmoja mmoja. Kukabaki kucheza tu, vumbi, na Harerimana anacheka kwa haya kwa sababu alidhani zote zilikuwa zake.

Kukawa bado na sauti moja, mbele, inaendelea. Nikageuka.

Kwetu bibi arusi hapigi impundu kwenye ndoa yake mwenyewe. Anatazama chini, anapigiwa. Nyiramahoro alikuwa amesimama, macho yamefungwa, mdomo wazi, ndiye aliyekuwa wa mwisho kuacha.